Si Hesabu Iliyo Ngumu, ni Sentensi



Kuna kauli iliyozoeleka mno katika vyumba vya walimu vya mashariki ya Uganda, nayo ni hii: "Hayo ni mambo ya hesabu, hayamhusu mwalimu wa Kiswahili." Niliisikia Jinja nilikofundisha kwa miaka tisa, na ninaisikia Mbale ninakofundisha sasa. Aghalabu husemwa kwa kicheko, nasi walimu wa lugha hucheka pamoja na wasemao, tukakusanya madaftari yetu ya insha tukaenda zetu. Katika makala haya nakusudia kuipinga kauli hiyo, na kuwapinga vilevile wale wanaojitajirisha kwa kuwauzia watu wetu vijitabu vya "maswali magumu".

Kisa chenyewe ni hiki. Kila Jumamosi alasiri hukutana katika darasa moja hapa Mbale watu wapatao kumi na wawili: makarani wa benki, walimu, muuguzi mmoja, na vijana wawili wa biashara ya kahawa. Wote wanajiandaa kuingia shule za biashara. Wako wanaotazamia kusoma papa hapa, kwani Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa Nakawa mwaka 1997, ina matawi Jinja na Mbale. Wengine wanatazamia ng'ambo, na wengi wa hawa hutakiwa kufanya mtihani uitwao GMAT, ambao ulianza huko Marekani mwaka 1954 kwa jina jingine. Tangu mtihani huo ulipopangwa upya mwishoni mwa mwaka 2023, sehemu yake ya hesabu ina maswali 21 ya kujibiwa kwa dakika 45, bila mashine ya kuhesabia. Ada yake yapita dola 200 za Kimarekani, nazo kwa wengi wetu ni mshahara wa mwezi. Basi anayeshindwa hapotezi alama tu. Hupoteza na karo ya mtoto.

Mimi nilikuwa pale kwa sababu moja: ufunguo wa chumba huwa kwangu. Nilikaa nyuma nikisahihisha insha zangu, wao wakihangaika mbele na kijitabu chao, nakala ya nakala iliyofifia hata sehemu fulani hazisomeki, kilichojaa mamia ya maswali na majibu yake mwishoni. Desturi yao ilikuwa kusoma swali, kukisia njia, kutazama jibu, kisha kulikariri. Siku hiyo walikwama katika swali hili, ambalo nalieleza kwa maneno yangu: Kilo 100 za kahawa iliyomenywa na kuoshwa zina maji asilimia 55. Zilianikwa mpaka maji yakawa asilimia 10 tu ya uzito uliobaki. Je, zilibaki kilo ngapi?

Karibu wote walijibu kilo 55. Walitoa kumi katika hamsini na tano, wakapata arobaini na tano, wakaiondoa katika mia. Kitabu kilisema 50. Muuguzi alirudia mara tatu, na mara tatu akapata 55. Mwishowe akaandika 50 katika daftari lake, akaizungushia duara, akafungua ukurasa mwingine. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Nilimwomba afunge kitabu anisimulie habari ile kwa Kiswahili, kama anayemsimulia jirani. Alianza, akasita, akafungua kitabu, akaanza tena. Hakuweza. Alikuwa amelifanya swali mara tatu wala hakujua linasimulia nini.

Nikauliza darasa zima: kahawa ikianikwa, ni kitu gani kinachoondoka? Maji, wakasema. Na kile kisicho maji? Kinabaki. Ni kilo ngapi? Arobaini na tano. Kijana mmoja wa kahawa, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, ambaye tangu utotoni ameona kahawa ikianikwa uani kwao, akapiga meza kwa kiganja. "Mwalimu, hizo arobaini na tano sasa ndizo asilimia tisini!" Basi mzigo wote ni kilo 50. Hakuna aliyehitaji kanuni. Kijana huyu alikuwa na maarifa yote tangu mwanzo. Kilichomkosesha ni neno dogo "ya". Asilimia haisimami peke yake, sharti iwe asilimia ya kitu fulani. Ile 55 ilikuwa ya mzigo wa mwanzo, na ile 10 ni ya mzigo wa mwisho. Nao walizitoa moja katika nyingine kana kwamba ni za kitu kimoja.

Sasa niambieni, ndugu zangu, hilo ni kosa la hesabu au ni kosa la ufahamu? Kutoa kumi katika hamsini na tano kila mmoja pale aliweza. Tuwaulize waandishi wa vijitabu vile ni ukurasa gani unaomfundisha msomaji kuuliza "asilimia ya nini?"

Mfano huo si wa pekee. Yachukueni maneno "kwa" na "hadi". Bei ikipanda kwa asilimia 20 ni jambo moja. Ikipanda hadi asilimia 120 ya bei ya zamani ni jambo lile lile kwa maneno mengine. Na mwanafunzi asiyetofautisha maneno hayo mawili ataandika majibu mawili. Nilipokuwa Jinja, ambako sukari ya Kakira ni jirani, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu swali hili katika kipindi cha Kiswahili: Kilo ya sukari ni shilingi 4,000. Bei ikapanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi ilipokuwa? Darasa zima lilijibu ndiyo. Ilipanda ikawa 4,800. Lakini asilimia 20 ya 4,800 ni 960, kwa hiyo ilishuka ikawa 3,840. Mwalimu mwenzangu wa hisabati aliponiona ubaoni na tarakimu zile alinitania kwamba nimeiba kipindi chake. Nilimjibu kwamba nafundisha viunganishi.

Nirudi kwenye maswali yenyewe, maana hapa pana utajiri ambao vijitabu vinaufuja. GMAT una aina ya swali ambalo halimtaki mtu apate jibu kabisa. Hupewa swali na habari mbili, akaulizwa: je, habari ya kwanza peke yake yatosha kulijibu? Ya pili peke yake je? Au ni mpaka ziwe pamoja? Au hata pamoja hazitoshi? Naona hili ni swali la mwalimu wa lugha tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kinachopimwa ni kama msomaji ajua sentensi imebeba kiasi gani. Tazameni: Kalamu moja ni shilingi 700, daftari moja ni shilingi 1,100. Mtu alinunua kalamu ngapi? Habari ya kwanza: alitumia shilingi 5,000 kamili kwa kalamu na madaftari tu. Habari ya pili: alinunua vitu sita kwa jumla.

Waliokaririshwa husema upesi kwamba vitu visivyojulikana ni viwili, kwa hiyo habari mbili zahitajika. Wamekosea. Habari ya kwanza peke yake yatosha. Daftari moja likitolewa hubaki shilingi 3,900, nazo hazigawanyiki kwa 700. Madaftari mawili huacha 2,800, na hizo ni kalamu nne. Matatu huacha 1,700, na manne huacha 600, zote hazigawanyiki. Bila daftari hata moja, 5,000 nazo hazigawanyiki kwa 700. Hakuna njia nyingine. Ni kalamu nne. Mtu hupotezwa hapa na jambo ambalo swali halikulitamka kwa kuwa ni dhahiri mno: kalamu haiuzwi nusu. Mama yeyote mwenye duka dogo karibu na stendi ya magari ya Mbale angelijua. Mwanafunzi wetu halijui kwa sababu amefundishwa kwamba mbele ya hesabu huvua akili ya sokoni mlangoni kama anayevua viatu.

Wako watakaonijibu kwamba mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, basi Kiswahili kitamchelewesha mtahiniwa. Hoja hii naiheshimu, maana dakika 45 kwa maswali 21 ni dakika mbili na kitu kwa kila moja. Lakini sikusema atafsiri siku ya mtihani. Nasema kwamba katika miezi ya maandalizi, swali ambalo mtu hawezi kulisimulia katika lugha anayoimiliki bado hajalisoma, hata kama amelikokotoa. Mmoja atalisimulia kwa Lugisu, mwingine kwa Lusoga au Kiteso. Katika darasa letu la Jumamosi watu hawa wote huketi benchi moja, na lugha wanayoweza kusahihishana kwayo bila mmoja kumwonea haya mwenzake ni Kiswahili. Waliokosea kwa Kiingereza walinyamaza. Waliokosea kwa Kiswahili walibishana, na katika kubishana wakaona kosa.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Hao wamechelewa. Shule za msingi za umma za Tanzania hufundisha hisabati kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Tuna uwiano, wastani, mlinganyo na kipeuo. Tuna namba shufwa na namba witiri. Tuna namba tasa, jina ambalo lenyewe lamsaidia mwanafunzi kuikumbuka namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Maneno yapo. Walimu wa Uganda wanaoyatumia ndio haba.

Na hapa sina budi kutugeukia sisi wenyewe. Kiswahili kilitajwa katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vipindi tumevipata, lakini tunavijaza nini? Salamu, ngeli, methali, na ufahamu wa sungura na fisi. Sina ugomvi na sungura. Lakini kwa miaka mingi lugha hii imesemwa nchini mwetu kuwa ni ya askari na ya wanyang'anyi, na hatutaifuta sifa hiyo kwa methali tu. Mzazi wa Jinja akiona binti yake amefaulu swali la asilimia kwa sababu ya kipindi cha Kiswahili, hatauliza tena lugha hii ni ya nani.

Najua liko jambo linalotuuma, ambalo hatulisemi mikutanoni. Mwaka 2022 mishahara ya walimu wa sayansi iliongezwa sana, ya walimu wa sanaa ikaachwa nyuma, na mgomo ukafuata. Mwenzangu mmoja aliniambia waziwazi: "Wao walipwe, nasi tubebe hesabu zao?" Sikuwa na jibu zuri siku ile, na hata leo sioni kwamba malalamiko yake si ya haki. Ila yule muuguzi hakuipanga mishahara ya mtu. Ada aliyolipa ni ya jasho la zamu za usiku.

Sidharau mazoezi, wala sidai kwamba sentensi nzuri itamfundisha mtu njia asiyoijua. Walio tayari kutegemea ufasaha peke yake watashindwa, na ni haki washindwe. Swali la kuchagua kamati ya watu watatu kati ya wanaume wanne na wanawake watatu, ambamo angalau mmoja awe mwanamke, lahitaji mtu ajue kuhesabu kamati zote 35. Lakini ni neno "angalau" linalomwonyesha njia fupi: aziondoe zile 4 zisizo na mwanamke hata mmoja, zibaki 31. Asiyelielewa neno hilo atahesabu kamati zenye mwanamke mmoja, akasahau zenye wawili na watatu. Ninachopinga ni kuwalundikia watu maswali mia tano, kila moja likikaririwa uso wake, mpaka lije la mia tano na moja lenye uso mwingine. Kumi kwa wiki yatosha, mradi kila moja lisimuliwe kitabu kikiwa kimefungwa, kisha libadilishwe neno moja, "kwa" ikawa "hadi", "angalau" ikawa "si zaidi ya", na wanafunzi waseme ni nini kimebadilika na kwa nini.

Napendekeza chama chetu kitenge ukurasa mmoja katika kila toleo la jarida hili kwa maswali ya namna hiyo, yatungwe na walimu wa Kiswahili na wa hisabati kwa pamoja, yatoke katika maisha ya huku kwetu. Nimekwisha kumpata mwenzangu wa hisabati huko Jinja, yule yule aliyeniita mwizi. Swali la kwanza ni hili:

Mama mmoja katika soko la Mbale ana mapapai yasiyofika mia moja. Akiyapanga kwa mafungu ya matatu matatu, hubaki mawili. Akiyapanga manne manne, hubaki matatu. Akiyapanga matano matano, hubaki manne. Ana mapapai mangapi? Na maneno "yasiyofika mia moja" yakiondolewa, je, swali bado lina jibu moja?

Majibu yaandikwe kwa sentensi kamili. Atakayeleta namba tupu hatasahihishiwa.