Tumenunua pumzi, tumesahau miguu

Nimepotea kidogo, wasomaji wangu. Nilikuwa nauguza. Baba yangu mdogo alishikwa na nimonia kali, akalala ICU siku 19 akipumua kwa mashine, katika hospitali moja kubwa hapa Dar ambayo sitaitaja. Mashine ikafanya kazi yake, mapafu yakapona. Lakini siku tulipoambiwa tumpeleke nyumbani, mzee hakuweza kusimama. Mtu aliyekuwa akigombania daladala na vijana tulimbeba kama mtoto hadi kwenye teksi.

Jioni moja nilimuuliza muuguzi, "Sista, hakuna mtu wa kuja kumnyoosha viungo?" Akanijibu kwa upole, "Mwache mgonjwa apumzike, kaka." Simlaumu, zamu ile alikuwa peke yake na vitanda vinne. Ninachogombana nacho ni hilo neno: apumzike.

Jamani, huko siyo kupumzika! Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha vipimo vya msuli wa paja wa wagonjwa mahututi. Ndani ya siku 10 tu ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Na huko Toronto madaktari waliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu kushindwa kabisa kazi. Matokeo yalitoka mwaka 2003: mwaka mmoja baada ya kutoka ICU, mapafu ya wengi yalikuwa yamerudi karibu na kawaida. Kilichowatesa ni misuli iliyokwisha na uchovu.

Najua utauliza: mtu ana bomba kooni, atafanyaje mazoezi? Anafanya. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Chicago na Iowa uliohusisha wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine. Wote walikuwa wakipunguziwa dawa za usingizi kila siku. Nusu yao wakaanzishiwa mazoezi siku za mwanzo kabisa: kunyooshwa viungo, kukaa ukingoni mwa kitanda, kusimama, hata kutembea. Asilimia 59 ya hao walitoka hospitali wakijimudu wenyewe. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 35. Hakukuwa na mtambo mpya pale. Ilikuwa mikono ya watu.

Mjuaji mmoja atanirukia na utafiti wa mwaka 2022, wa wagonjwa 750, ulioonyesha kwamba kuzidisha mazoezi ya mapema hakukuongeza faida, na madhara yaliongezeka. Ni kweli, kwa hiyo asikurupushwe mtu kitandani kabla daktari hajaona ni salama. Ila asome hadi mwisho: wale wa huduma ya kawaida nao walikuwa wakifanyishwa mazoezi karibu dakika 9 kwa siku, dhidi ya 21 za wenzao. Wao wanabishana kati ya dakika 9 na 21. Baba mdogo alipata sifuri.

Sasa nijichape na mimi. Wakati wa korona sisi waandishi tulihesabu mashine. Nimewahi kuandika habari ya makabidhiano: idadi, bei, mgeni rasmi, picha. Sikuuliza swali moja jepesi: mgonjwa akitolewa kwenye hii mashine, nani atamsimamisha? Kwetu mashine ni habari. Mtu wa fiziotherapia anayemkunja mgonjwa goti kwa dakika kumi siyo habari.

Na wataalamu hatuagizi nje. KCMC kule Moshi wamekuwa wakiwafundisha kwa miaka mingi. Hospitali iwaajiri, na iwafikishe ICU badala ya kumsubiri mgonjwa ajikongoje mwenyewe hadi chumba chao. Kila anayepokea mashine ya kupumulia mbele ya kamera aulizwe hapo hapo ana watu wangapi wa fiziotherapia wanaoingia wodi ile. Na wewe unayeuguza, uliza kila asubuhi: leo amefanyishwa mazoezi gani? Ukijibiwa apumzike, uliza tena.

Baba mdogo sasa anafika kibarazani kwa kushika ukuta. Duka lake limefungwa mwezi wa tatu huu, na watoto wawili wanadaiwa ada. Juzi aliniambia, "Mwanangu, pumzi walinirudishia. Miguu imebaki kule kule."

Naomba kutoa hoja.