Hizo Njugu Zako Si Upendo

Wasee, tuambiane ukweli. Unaenda City Park pale Parklands, unanunua njugu, unaita kima apande begani, unapiga selfi. Akinyakua mkoba, unapiga nduru eti wanyama wamekuwa wakora. Na nani aliwafunza?

Kima hula matunda, majani na wadudu. Ukimzoesha njugu, kesho kila mfuko kwake ni chakula, na mtoto mwenye mandazi ndiye ataporwa.

"Lakini ana njaa!" Wacha hizo. Mwenye njaa ni wewe, njaa ya laiki.

Na meno yale si mchezo. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakingoji Jumatatu.

Unampenda kweli? Ficha chakula, kaa mbali, usimkodolee macho wala kumwonyesha meno. Kwake huo ni uchokozi. Simu yako ina zumu, itumie. Kima aliyezoea kupora huishia kupigwa mawe au kutegwa. Picha ni yako, bili analipa yeye.