Kona ya Vijana: Safina ndogo ya mbao

Kule Ulaya wanauza boksi zenye vipande vya merikebu ndogo, mtu anaviunga nyumbani pole pole. Hapa Kindu, mabaki ya mbao ya seremala yanatosha.

Fungua Mwanzo 6:15. Safina ilikuwa mikono 300 kwa urefu, 50 kwa upana, 30 kwenda juu. Kila mkono uwe milimita moja: utapata sentimita 30, 5 na 3. Pima mbele ya kukata. Ijaribu ndani ya beseni, si Lualaba, mto ule unabeba watoto. Ikilala upande, chonga tena.

Kijana anayezoea kurudilia kazi mpaka iwe sawa, hataacha masomo upesi kufuata dhahabu ya karieri. Wazazi, mukae naye.