Ngege Wengi, Wazazi Wachache

Tangu muhula uliopita habari ya bwawa la samaki imekuwa kinywani mwa kila mtu hapa shuleni. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanataka bwawa lichimbwe nyuma ya bustani, na ndani yake wafugwe ngege kutoka katika lambo la kijiji, ili samaki hao wasipotee. Wakati huo huo baadhi ya wazazi wetu wameshauri kwamba vifaranga vya sato vimwagwe katika lambo lenyewe, maana sato hukua upesi na bei yake sokoni ni nzuri. Mashauri yote mawili yametolewa kwa nia njema. La kwanza naliunga mkono kwa masharti, na la pili nalipinga.

Yafaa kwanza tujue ngege ni nani, kwa kuwa vijana wengi siku hizi humwita sato kila samaki wa umbo hilo. Ngege, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, ni mwenyeji wa Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga. Chakula chake ni vimelea vidogo mno vya kijani vielelavyo majini. Michael Graham alipochunguza uvuvi wa Ziwa Victoria mnamo mwaka 1927 na 1928, ngege ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa biashara, na hata wakati ule nyavu zilikuwa zimekwisha anza kumpunguza. Graham huyo huyo alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa. Onyo lake halikufuatwa. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na sato naye aliletwa katika miaka hiyo hiyo. Yaliyofuata wazee wetu waliyaona kwa macho. Furu, waliokuwa zaidi ya aina 500, walipungua kwa kiasi cha kutisha, na ngege akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa.

Hata hivyo hakutoweka kila mahali. Alisalia katika maziwa madogo ya kando, kama Ziwa Kanyaboli huko Kenya, na katika malambo na maziwa ya mbali alikopandikizwa na watu, kama yale ya Singida. Kwa hiyo lambo la kijiji si jambo dogo. Ikiwa wale samaki ni ngege kweli, basi pale pana akiba ambayo ziwa lenyewe haliwezi tena kutupatia.

Sasa niseme juu ya bwawa la shule. Wako wasemao kwamba tukikamata ngege kumi na wawili tu, baada ya mwaka mmoja tutakuwa na mamia, na kazi itakuwa imekwisha. Mamia tutawapata, sina shaka, kwa maana samaki wa jamii hii huzaa upesi bwawani. Lakini mamia hao watakuwa watoto wa nani? Dume wa ngege huchimba kiota chake na kukilinda, na majike humwendea, kisha kila jike huondoka na mayai kinywani. Dume mwenye nguvu huwafukuza wenzake, akapata majike wengi peke yake. Bwawa laweza kuwa na madume kumi, na watoto karibu wote wakawa wa baba wawili.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha idadi ya madume wazaao kwa idadi ya majike wazaao, zidisha tena kwa 4, kisha gawa kwa jumla ya wazazi wote. Tuseme madume ni 2 na majike ni 50. Jawabu halifiki hata 8. Maana yake ni kwamba samaki wale 52, kwa upande wa urithi, ni sawa na samaki 8 hivi waliochanganyika vizuri. Kundi la namna hiyo hupoteza kadiri ya sehemu 6 na nusu katika kila 100 za tofauti zake za urithi kwa kila kizazi, na baada ya vizazi 10 karibu nusu imekwenda. Lakini wakizaa madume 25 na majike 25, jawabu ni 50 kamili, na baada ya vizazi 10 hasara haifiki sehemu 10 katika 100. Idadi ya samaki karibu ni ile ile, ila matokeo ni mbali kabisa.

Huenda mtu akauliza tofauti hizo zina faida gani, kwani ngege ni ngege. Samaki wote wakiwa ndugu, ugonjwa umwuao mmoja waweza kuwaua wote, na kasoro zilizokuwa zimejificha kwa wazazi hujitokeza kwa watoto. Wafugaji wa sato wanaorudia mbegu ya bwawa lao lile lile mwaka hata mwaka huona samaki wao wakidumaa. (Msongamano nao hudumaza, wala si haki kuutupia urithi lawama zote.)

Huko California yuko samaki mdogo aitwaye delta smelt, ambaye karibu amekwisha katika maji yake ya asili. Katika kituo anakofugwa hukatwa kipande kidogo cha pezi, jeni zake hupimwa, na wataalamu huchagua nani azae na nani ili ndugu wasioane. Samaki wa mwituni, walipopatikana, waliingizwa katika kundi hilo kuongeza damu mpya. Mwezi Desemba 2021 walianza kuwarudisha baadhi yao mtoni kwa majaribio.

Sisi hatuna vyombo hivyo, lakini twaweza kutenga bwawa kwa vizuizi vya wavu, kila kizuizi dume mmoja na majike wachache, na kuchukua idadi iliyo sawa ya vifaranga kwa kila mama. Twaweza kuandika daftari. Na kila kizazi twaweza kuongeza samaki wachache kutoka lambo lile lile, wala si kutoka popote wanapopatikana. Haya ndiyo masharti yangu. Bila hayo, bwawa ni la mboga tu, nalo si baya, ila lisiitwe hifadhi.

Juu ya sato ndani ya lambo nina neno fupi. Sato na ngege huzaa pamoja, na machotara wao nao huzaa. Ukisha kuwamwaga huwezi kuwatoa. Nafahamu kwamba mzazi mwenye watoto wa kulisha hawezi kushiba habari za urithi wa samaki, na sato afugwe, lakini afugwe katika mabwawa ya kuchimbwa, mbali na lambo, mahali ambapo mafuriko hayatamfikisha humo.

Kamati ya lambo itakutana kabla ya masika. Kabla haijazungumza juu ya vifaranga, ni vyema ikajua kwanza lambo lina samaki gani. Mkia wa sato una mistari mingi ya kusimama, na wa ngege hauna, lakini chotara hatambulikani kwa macho kwa hakika. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Mwanza, na barua ya kuomba msaada wao yaweza kuandikwa na wanafunzi wenyewe wiki hii.