Mlango Mmoja Katika Barafu

Kusini kabisa mwa dunia liko bara la Antaktika, lisilo na wenyeji wala mashamba. Karibu nchi yote imefunikwa na barafu, na bahari iliyo kando yake huganda hata matrekta yakapita juu yake bila kuzama. Katika Ghuba ya McMurdo, ambako Wamarekani walianzisha kituo chao mwaka 1956, wataalamu wa viumbe vya baharini hupiga kambi juu ya barafu hiyo, hasa kati ya Oktoba na Desemba.

Maisha ya kambini si ya anasa. Vibanda huvutwa na matrekta mpaka mahali pa kazi, na jiko la mafuta lililo ndani ndilo tegemeo la wote. Maji ya kunywa hupatikana kwa kuyeyusha theluji. Tangu mwishoni mwa Oktoba jua halitui kabisa, basi watu hulala kwa kufuata saa, wala hawangoji giza. Takataka haziachwi huko. Hukusanywa na kuondolewa, kwa kuwa mataifa yamekubaliana kuitunza nchi hiyo.

Lakini kazi yenyewe iko chini ya miguu yao. Kwa keekee kubwa ya mashine hutobolewa tundu lenye upana wa futi 4 hivi, katika barafu yenye unene wa futi 6 au zaidi, na kibanda chenye moto huwekwa juu yake. Maji yaliyo chini yana baridi ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Chumvi ndiyo iyazuiayo yasigande. Mpiga mbizi huvaa vazi lisilopenya maji na nguo nzito ndani yake, lakini vidole huanza kufa ganzi kabla ya viungo vingine. Huchukua vifaa viwili vya kuvutia hewa, kwa kuwa baridi yaweza kukizuia kimoja kisifanye kazi.

Hatari kubwa ni kulipoteza tundu. Hewa yake ikiisha hawezi kupanda moja kwa moja, maana juu yake ni dari ya barafu. Kwa hiyo kamba yenye bendera na taa ya kumetameta huteremshwa tunduni ili aione kwa mbali, na wenzake hubaki juu wakilinda.

Wako wengine walitumiao tundu hilo. Sili, mnyama wa baharini apumuaye hewa kama mwanadamu, huja hapo kuvuta pumzi, na mpiga mbizi hana budi kumpisha. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Gerald Kooyman alitoboa tundu mbali na mengine yote, ili sili aingiaye humo alazimike kurudi papo hapo. Alimfunga chombo kilichoundwa kwa saa ya jikoni, kikaandika muda na kina cha safari yake. Hivyo ilijulikana kwamba sili huzama zaidi ya futi 1,500 kwa pumzi moja, kwa kuwa damu na misuli yake huweka akiba kubwa ya oksijeni.

Miaka hiyohiyo Arthur DeVries aliwachunguza samaki wa hapo, ambao huishi katika maji ambayo yangeigandisha damu ya samaki wengi wa bahari nyingine. Aligundua kwamba damu yao ina kitu maalumu kinachozishika chembe za barafu zisikue. Bila hicho, samaki hao wangekufa.

Mabaharia husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mpiga mbizi na sili nao, hata wakienda mbali namna gani, marejeo yao ni tundu lile moja. Ndiyo maana mlinzi asimamaye juu, ingawa haoni maajabu ya chini, kazi yake si ndogo kuliko ya mwenzake aliyezama.