Vita Havizuki, Huzushwa

Katika vitabu vya historia tulivyosoma sekondari, Vita vya Kwanza vya Dunia "vilizuka" mwaka 1914, na vya Pili "vilizuka" mwaka 1939. Vita vya kwetu Kongo "vilizuka" mwaka 1996, kisha "vikazuka" tena tarehe 2 Agosti 1998. Upepo huzuka, uvumi huzuka, ugonjwa huzuka. Sisi wanafunzi wa lugha tunaliandika neno hilo kila siku katika insha na tafsiri zetu, wala hatujiulizi linaficha nini.

Zuka ni kitenzi sielekezi. Hakihitaji yambwa, na kiima chake kinaweza kuwa vita vyenyewe, kana kwamba vimejizaa. Kinyambue katika kauli ya kutendesha upate zusha, na papo hapo sentensi inadai jibu: nani? Silabi moja tu imebadilika, lakini mtenda amerudi mahali pake.

Mimi ni mtu wa Swima, kijiji cha Fizi kilicho kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Shuleni tulifundishwa kwamba vita vya 1914 vilianzia Sarajevo, mwanamfalme alipopigwa risasi. Hakuna aliyetuambia kwamba wiki chache tu baadaye vilikuwa vimefika kwenye mwambao wetu. Tarehe 15 Agosti 1914 askari wa Wajerumani walishambulia kijiji ambacho maandishi ya Wabelgiji yanakiita Mokolobu, kusini mwa Uvira. Waliharibu mitumbwi na kukata waya wa simu. Tarehe 22 meli yao Hedwig von Wissmann ilifyatua mizinga kwenye bandari ya Lukuga, Kalemie ya leo.

Ubelgiji ilikuwa imetaka Kongo isiingie vitani, kwa kutegemea mkataba wa Berlin wa 1885 uliotoa nafasi ya kutoegemea upande wowote katika bonde la Kongo. Baada ya mashambulizi hayo ikabadili msimamo, na Septemba 1916 jeshi lake la Kongo likaingia Tabora, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya wapagazi Waafrika. Kila hatua hapo ina mwenye kuamua: aliyechora mpaka katikati ya ziwa, aliyetoa amri, aliyetia sahihi. Wavuvi wa mwambao hawakuwa miongoni mwao. Je, neno "vilizuka" linabeba lipi kati ya hayo?

Vita vya 1998 vimeitwa na wengi vita vya dunia vya Afrika. Rwanda, Uganda na Burundi zilikuwa upande mmoja pamoja na waasi. Angola, Zimbabwe, Namibia na Chad upande wa Kinshasa. Mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa 1999, raia waliuawa kwa mamia Makobola, kwenye barabara yetu hiyohiyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja majeshi yaliyofanya mauaji hayo. Ripoti inapotaja mtenda, na mwandishi wa Kiswahili anaposema "mauaji yalizuka", basi sarufi yetu imewafanyia wauaji kazi ya wakili.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, kwamba ni msemo tu. Pili, kwamba chanzo cha vita huwa si kimoja, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu 1914. Nakubali hilo la pili kabisa. Lakini zusha hakimkatazi mtu kutaja wahusika watano, wala kuandika kwamba wanabishaniwa. Kinachokataa ni kutotaja yeyote.

Kuna jibu la tatu, nalo ndilo lililonisumbua zaidi. Bibi yangu, aliyevuka ziwa mwaka 1996 kukimbilia Kigoma, husema hivi: "Vita ilikuya, tukakimbia." Vita ilikuja, kama mvua. Je, naye anaficha? Hapana. Yeye anasimulia kutoka shambani, alikokuwa na jembe mkononi aliposikia risasi. Kwake vita kweli ilikuja. Hakuwa na ramani, hakuwa na gazeti, na watoto walikuwa wakilia. Sisi tuna maktaba, tarehe na ripoti. Haki ya kusema "ilikuja" ni yake, sisi hatukuilipia.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa wenzangu wa kitivo hiki, hasa tunaotafsiri habari na kuandika vitabu vya shule. Ukiandika "vita vilizuka", usiweke nukta ukaondoka. Sentensi inayofuata iwe na zusha, anzisha au amuru, na kiima chake kiwe mtu, serikali au jeshi. Ukishindwa kukijaza kiima hicho, rudi maktaba kabla ya kumkabidhi mwalimu kazi yako. Watoto wa Swima watakaosoma vitabu hivyo wanastahili kujua kwamba kilichowafukuza babu zao ufukweni hakikuwa hali ya hewa.