Kagua Gari la Mjomba

Gari la kwanza la mwanafunzi wa kwetu hapa Sydney aghalabu halitoki yadi. Linatoka kwa mjomba wa rafiki, kwa mama anayesali nasi Blacktown, kwa mzee anayeswali safu moja na baba yako Lakemba. Bei inapunguzwa kidogo, chai inaletwa, na baada ya kikombe cha kwanza kufungua boneti kunaonekana utovu wa adabu. Sisi tunaona haya hizi zimetugharimu vya kutosha. Kijana anayefanya kazi usiku na kusoma mchana hana akiba ya giaboksi ya pili.

Mjomba huenda hadanganyi. Huenda hajui. Wengi huishika pink slip kama cheti cha afya, lakini ukaguzi ule, unaotakiwa kila mwaka gari likishapita miaka 5, huangalia usalama: breki, matairi, taa, usukani, mikanda. Haukuahidi kwamba giaboksi itafika Krismasi. Tena hapa New South Wales gari lenye usajili hubadilisha mwenyewe bila ukaguzi mpya, tofauti na jirani zetu wa Victoria. Na kwa mjomba hupati ile dhamana ya miezi 3 au kilomita 5,000 ambayo sheria huilazimisha yadi kuitoa kwa gari lisilozidi miaka 10 na ambalo halijafika kilomita 160,000.

Basi kagua. Omba gari lisiwashwe kabla hujafika. Ukigusa boneti ukaikuta ya moto, uliza kwa nini. Likiwashwa baridi likatoa moshi wa bluu, linaunguza oili. Fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya maziwa waweza kuwa maji yaliyopita kwenye gasketi ya silinda hedi (ingawa gari la safari fupi hupata kidogo hata likiwa zima, ndiyo maana fundi anahitajika). Itazame rangi mchana. Mlango mmoja uking'aa kuliko mwenzake, uliza liligongwa lini. Sisi kitabu cha sevisi tunakipa uzito kuliko kilomita chache: afadhali gari la kilomita 180,000 lililobadilishwa oili kwa wakati kuliko la 90,000 lisilo na karatasi hata moja.

Kisha liendeshe polepole, kama uko kwenye foleni ya Parramatta Road. Likitetemeka au kusitasita linapoondoka, usilipe. Ford Fiesta na Focus zenye giaboksi ya PowerShift ziliwasumbua wengi kwa hilo, na mwaka 2018 Mahakama ya Shirikisho iliitoza Ford Australia dola milioni 10 kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamika. Tungeziacha hata kwa bei ya kutupa. Yaris, Jazz na Mazda2 zinatupendeza zaidi. Hizo ndizo Vitz, Fit na Demio za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo hata fundi wa nyumbani ataisikiliza injini kwa simu ya video akupe maoni ya bure.

Kabla ya kutoa pesa, ingiza namba ya chasisi kwenye daftari la taifa la PPSR. Ni dola 2 tu, na utajua kama gari lina mkopo, limewahi kuibwa au liliandikwa kuwa halitengenezeki. Mkopo ukiwapo, mkopeshaji anaweza kulichukua gari mikononi mwako, na mjomba atakuwa ameshakula pesa.

Kwa anayeona haya, maneno ni haya: "Shikamoo mjomba. Gari limenipendeza. Naomba Jumamosi nije na fundi alitazame, gharama ni yangu." Fundi huyo asiwe ndugu wa muuzaji.